Sahani ya Tatu na Mawakili Wake

Hoja hizi mmezisikia. Husemwa ndani ya mabasi yanayotoka Mbezi kwenda Moshi wiki ya tatu ya Desemba, hurudiwa kwenye makundi ya ukoo ya WhatsApp, kisha hufika kilele uani, masufuria yanapofunuliwa: kwamba mtu anayekwenda kukaa kwa ndugu msimu wa sikukuu, halafu akajaribu kula kwa kiasi, ana kasoro ya malezi. Wanaozitoa ni watu ninaowaheshimu. Baadhi yao wamenizidi umri, na wote wamenizidi sauti. Nimewasikiliza kwa makini kuliko wanavyodhani. Naomba wasomaji mkae kama wazee wa baraza, mzipime hoja hizi moja moja, kwa sababu zikija kwa pamoja zinatisha, ila zikitenganishwa zinaanza kugombana zenyewe kwa zenyewe.

Nashika mfano wa Kilimanjaro kwa kuwa huko ndiko zinakotolewa kwa ustadi mkubwa. Msomaji wa Pangani anayekwenda kula Idi kwa shangazi yake atabadilisha majina ya vyakula tu. Mashtaka ni yale yale.

Kuna mtu mmoja simtetei, na afadhali niseme mapema. Ni yule anayefika na begi lililojaa vyakula vyake vya pakiti, akamweleza bibi wa miaka themanini kwamba anatia mafuta mengi, kisha akakaa pembeni ya meko akitoa semina. Huyo ahukumiwe bila wakili. Mteja wangu ni mtu anayekula chakula kile kile kilichopikwa, kwa hamu, akatosheka, akasema ameshiba, na asiaminiwe.

Tuanze na hoja nzito kuliko zote, ile ya dharau. Nitaieleza kwa nguvu zake zote. Mama mdogo ameamka saa kumi alfajiri. Mbuzi amefugwa miezi kadhaa akisubiri watoto wa mjini wafike. Nyama inagawiwa kwa kufuata undugu, kila mmoja na fungu lake, kwa hiyo anayesukuma sahani hasukumi nyama, anasukuma nafasi yake katika ukoo. Tena kuna jambo lisilosemwa kwa sauti: asiyekula kwa watu anaweza kudhaniwa anaogopa kulishwa kitu. Hoja hii si ya kipuuzi. Inaeleza barabara kwa nini mtu hapaswi kukataa chakula cha ndugu zake.

Ila nani amekataa? Hapo ndipo hila ilipo. Hoja inathibitisha kwamba ni lazima ule, kisha bila kuaga inahamia kwenye dai jingine kabisa, kwamba ni lazima ule mara tatu. Hatua ya katikati haina ushahidi wowote. Na mila inayotajwa inawapinga wanaoitaja, kwa maana fungu la undugu ni fungu moja. Waliobuni mgawo ule walijua kupima. Wasingepima, mwenye sauti kubwa angeondoka na mguu mzima na wengine wakaambulia mchuzi. Anayekujazia sahani ya tatu kwa jina la mila ameikiuka mila ile ile anayoiapia.

Tena ukoo unajua sana kupokea neno "hapana". Mlokole akifika hawekewi mbele kata ya pombe ya mbege, na mtu haulizi kwa nini. Binamu Msabato kutoka Same hawekewi nguruwe. Shemeji Mwislamu huchinjiwa na Mwislamu mwenzake, na kisu husubiri mpaka mchinjaji afike. Hawa hawapunguzi, wanakataa moja kwa moja, na hakuna anayelia kwamba amedharauliwa. Kisha mwenye kisukari anaomba apunguziwe wali, anaambiwa anaringa. Kumbe dhamiri ina haki ya kukataa na kongosho haina. Sijakutana na mtu aliyeweza kuieleza tofauti hiyo, na sidhani kama kuna anayeweza.

Sasa ile ya "ni siku chache tu". Inadai kwamba wiki moja au mbili haziwezi kuharibu afya iliyojengwa kwa mwaka mzima, na kwamba mwili utajirekebisha Januari. Kwa mtu mzima wa afya, kuna ukweli ndani yake, na wapinzani wa ulaji wa sikukuu nao hupenda kutia chumvi. Mwaka 2000 Jack Yanovski na wenzake wa taasisi za taifa za afya za Marekani walichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine matokeo ya kuwapima watu wazima 195 kabla, wakati na baada ya msimu wa sikukuu. Wastani wa ongezeko ulikuwa gramu 370 tu. Wenyewe walidhani wameongezeka zaidi ya mara nne ya hapo. Kwa hiyo anayetangaza kwamba kila mtu hurudi kutoka kijijini na kilo tano za ziada hana ushahidi.

Lakini wanaolitaja jambo hili huishia katikati ya utafiti. Walipopimwa tena mwaka uliofuata, gramu zile zilikuwa bado zipo. Mwili haukujirekebisha Januari wala Juni. Na walioongezeka sana walikuwa hasa wale waliokuwa tayari na uzito mkubwa. Gramu 370 kwa mwaka hazionekani kwenye kioo. Kwa miaka kumi zinakaribia kilo nne, na kilo nne zinaonekana kwenye kipimo cha shinikizo la damu. "Mwili utajirekebisha" ni utabiri, na utabiri huo umeshapimwa ukashindwa.

Zaidi ya hayo, hesabu ya siku chache haifanywi na mtu mmoja yule yule mara moja kwa mwaka. Anayesema Desemba kwamba ni mara moja kwa mwaka ndiye anayesema hivyo Pasaka. Anasema tena kwenye kipaimara cha mpwa, kwenye komunio ya kwanza, kwenye sendoff, kwenye harusi yenyewe, na akiwa mkweli atakubali kwamba husema hata msibani. Mwenye "mara moja" nyingi kiasi hicho anajua kuhesabu kila kitu isipokuwa kile anachokiita mara moja.

Halafu kuna madhara yasiyosubiri mwaka uishe. Mwaka 1978 daktari Philip Ettinger na wenzake huko Marekani walieleza hali ya moyo kupiga ovyo kwa watu waliokunywa pombe nyingi mwishoni mwa wiki na siku za sikukuu, na madaktari mpaka leo wanaiita kwa jina la sikukuu hizo. Mwaka 2004 David Phillips na wenzake waliopitia mamilioni ya vyeti vya vifo vya Marekani walionyesha kwamba vifo vya moyo hupanda wakati wa Krismasi na mwaka mpya. Nimeshajua jibu litakalokuja: kule ni baridi. Basi tusogee New Zealand, ambako Desemba ni kiangazi kama kwetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliona ongezeko hilo hilo huko, takriban asilimia 4, kwa vifo vya moyo vilivyotokea nje ya hospitali. Sisemi kwamba chakula pekee ndicho kilichoua. Watafiti wenyewe hutaja pia pombe, misongo, na watu kuchelewa kwenda hospitali kwa kuwa ni sikukuu. Nasema tu kwamba siku chache zinatosha kuua, kwa hiyo uchache wa siku si hoja.

Wapo wanaotoa shahidi hai. Babu amekula nyama na mafuta maisha yake yote, anasema baba mkubwa, na ana miaka tisini na mbili, anapanda mlima bila fimbo. Naukubali ushahidi huo kwamba babu yupo. Ila baraza linapaswa kuuliza rika lake liko wapi. Uchaggani swali hili halihitaji takwimu, kwa sababu wafu huzikwa kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, mita chache kutoka hapo tulipokaa tukila. Kumchukua aliyebaki na kumfanya kipimo cha wote ni kuwahesabu walioshinda bahati nasibu kisha kutangaza kwamba bahati nasibu inalipa.

Kibaya zaidi kwa hoja hii, babu hakula hivyo. Ukipata nafasi ya kumuuliza, kabla hajakatizwa na wanaomsemea, atakueleza kwamba nyama ilikuwa ya siku zenye jina: tambiko, ndoa, mzazi, sikukuu. Siku nyingine zote ilikuwa ndizi, maharage, maziwa ya mtindi, mnafu na majani mengine ya kihambani. Majani ya ng'ombe wa ndani yalibebwa kichwani kutoka tambarare, na mwenye kuyabeba sana alikuwa bibi. Mifongo ya maji ilichimbwa na kuzibuliwa kwa mikono. Mtu wa namna hiyo akila fungu lake la nyama mara chache kwa mwaka, nyama inamkuta ana deni la nguvu. Sisi inatukuta tumekaa kwenye kiti cha basi tangu alfajiri, na kabla ya hapo tumekaa ofisini tangu Januari.

Hapa hoja mbili za upande mmoja zinagongana, nami naomba baraza lizitazame zikigongana. Moja inasema wazee walikula hivi siku zote na hawakudhurika. Nyingine inasema tule sana kwa kuwa ni mara moja kwa mwaka. Kama wazee walikula hivi siku zote, basi Desemba haina upekee wowote na hakuna haja ya kushindiliana. Kama ni jambo la mara moja kwa mwaka, basi wazee hawakula hivi siku zote, na babu aondolewe kwenye orodha ya mashahidi. Wachague moja.

Na kwa kuwa wanapenda methali za wageni, wamalizie na ile wanayoisahau: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wahenga hawakumpangia mgeni siku kumi na nne za kulala sebuleni akiletewa supu.

Nimeiacha kwa makusudi hoja ninayoiona tamu kuliko zote, ile ya uasili. Inadai kwamba chakula cha kijijini hakina kemikali, kuku ni wa kienyeji, ndizi hazijui mbolea ya dukani, kwa hiyo kiasi chake hakina madhara. Anayepaswa kujihadhari ni mla chipsi wa mjini. Ninaikubali nusu yake kwa moyo wote. Kiburu cha ndizi na maharage, mnafu uliochumwa asubuhi, mtori uliopikwa kwa mifupa bila kuzamishwa kwenye siagi: mtaalamu wa lishe wa Muhimbili angelipwa kuandika orodha hiyo na asingeiboresha sana.

Tatizo ni kwamba hicho sicho kinacholiwa Desemba. Angalieni kilichopo uani, si kilichopo kwenye hotuba. Kuna pilau, na mchele wake haukulimwa mlimani. Kuna dumu la mafuta lililopanda basi pamoja nasi. Kuna kreti za soda na kreti za bia zimepangwa ukutani. Kuna mkate wa kusukumiza chai yenye sukari, na viungo vya pakiti vyenye chumvi ndani ya mchuzi. Mnafu uko wapi? Umeachwa shambani, kwa maelezo kwamba ni chakula cha kila siku na si heshima kumpa mgeni. Kwa hiyo uasili unaitwa mahakamani kama shahidi wa chakula ambacho uasili wenyewe umefukuzwa kwenye sufuria yake. Siku ambayo hoja ya uasili itachukuliwa kwa uzito, mteja wangu atashinda kesi bila mimi kufungua mdomo, kwani anachoomba ni hicho hicho: aletewe mnafu.

Soda nayo ihesabiwe, maana hudhaniwa ni kinywaji cha watoto na walokole na kwa hiyo haina hatia. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari inayoongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu anayoipata mtu kwa siku, ambayo kwa mtu mzima anayekula kilokalori 2,000 ni gramu 50. Soda nyingi za kawaida za mililita 350 zina zaidi ya gramu 30 kila chupa. Chupa mbili zimeshavuka mpaka, kabla ya chai, kabla ya keki. Na siku ya kuzungukia majirani, kila nyumba hufungua chupa.

Hata vile vya asili kwa kweli havina kinga ya kuwa vya asili. Mafuta ya mbuzi wa kienyeji ni mafuta. Magadi yanayolainisha maharage hutoka ardhini, tena ni ya kale kuliko sisi sote, lakini ni chumvi ya sodiamu, na mwenye shinikizo la damu anayejisifu kwamba ameacha chumvi ya mezani anaimeza kwa njia nyingine. Ushauri wa Shirika hilo ni chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, na mishipa ya damu haiulizi ilitoka gengeni au ardhini.

Mbege inastahili aya yake kwa sababu ina mawakili wake maalumu. Ni ndizi na ulezi, wanasema, na gome la msesewa ni dawa. Hii ni lishe iliyosahauliwa. Ulezi ni lishe kweli, nendeni mkawapikie watoto uji wake. Ulezi uliogeuka pombe ni pombe. Shirika la Afya Duniani lilitamka Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya, na tamko lile halikuweka nyongeza ya pombe za nyumbani. Anayetaka kuinywa mbege kwa kuwa ni tamu, kwa kuwa ni ya baba zake, na kwa kuwa kata inazunguka kutoka mkono hadi mkono, ana sababu nzuri tatu, nami sina ugomvi naye akijua kuishia. Ila asinitajie dawa.

Wanaosema kula kwa afya ni uzungu, tena ni ghali, nitawajibu kwa kifupi maana hoja yenyewe ni fupi. Mnafu hauuzwi kihambani. Bia, soda na mafuta vimenunuliwa kwa michango iliyofuatiliwa na mweka hazina wa ukoo tangu Oktoba, pamoja na kuwataja majina wasiolipa. Ghali ni ipi?

Wapo wenye busara zaidi, na hoja yao inasikika ya haki: anayeumwa apewe chake, wazima waachwe wale. Inakubali kuwapo kwa ugonjwa, haimlazimishi mgonjwa, inataka tu asiwaharibie wengine. Ningeikubali kama wazima wangejulikana. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2012 ulikuta karibu watu wazima 9 kati ya 100 wana kisukari na karibu 26 kati ya 100 wana shinikizo la juu la damu. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima wenye kisukari barani Afrika hawajui kwamba wanacho. Chukueni ukoo wenye watu wazima arobaini uani. Kwa hesabu hizo mnatazamia wenye kisukari watatu au wanne na wenye shinikizo kama kumi. Wanaojijua watajitaja. Wengine wako kwenye foleni ya sahani ya tatu, wakijihesabu wazima, na huenda ndio wanaomcheka mwenye kipimo cha sukari mfukoni. "Wazima" katika hoja hii maana yake ni watu ambao hawajapimwa.

Kutoka hapo huja ile ya vidonge: dawa zipo, meza kisha ule, mbona daktari alizitoa? Mwenye hoja anaiona dawa kama kibali. Dozi ile, hata hivyo, ilipangwa na daktari kwa ulaji wako wa siku za kawaida, hakuipangia ng'ombe. Na hatari yenyewe mara nyingi huja kwa upande ambao watoa hoja hawauangalii. Fikirieni ratiba halisi ya tarehe 25. Mtu amemeza glibenclamide asubuhi au amejichoma insulini. Ibada imekuwa ndefu. Chakula kiliahidiwa saa saba, kinafika saa kumi. Katikati ya hapo amepewa kata ya mbege akiwa na tumbo tupu, na pombe huzuia ini kutoa akiba yake ya sukari. Sukari inashuka, anatokwa jasho, anaongea maneno yasiyoeleweka, na watu wanasema amelewa. Amelala, mwacheni apumzike. Huyo hahitaji kupumzika, anahitaji sukari mara moja, na hapo, maadamu bado anaweza kumeza, ndipo ile soda ya ukutani ina kazi yake ya haki.

Nao wenye dawa hizo wanaoshinda njaa mchana kutwa ili wapate nafasi ya jioni wanajiletea shari ile ile kwa hiari.

Inabaki hoja ya furaha. Sikukuu ni ya kufurahi, kuhesabu matonge kunaua furaha. Naiheshimu kwa kuwa ndiyo pekee isiyojifanya sayansi. Ila inapingwa na kile kinachotokea saa mbili baada ya kula: watu wazima wamelala kwenye makochi na mikeka, mikanda imelegezwa, nusu wanaomba magadi ya kutuliza kiungulia, na watoto wanaambiwa wasipige kelele. Kama hiyo ni furaha, basi furaha na tumbo kujaa gesi vimekuwa kitu kimoja. Wenye jongo nao watafurahi usiku, kidole gumba cha mguu kitakapowaka moto kwa ajili ya nyama na bia za mchana. Na kila mwaka ukoo huu huu unaotetea furaha ya sahani unachangishana, kwenye kundi lile lile la WhatsApp, kwa ajili ya ndugu aliyelazwa na aliyeanza kusafishwa damu. Sijaona mtu akiandika pale kwamba kuhesabu kunaua furaha.

Ya mwisho si hoja ya kushambulia, ni ya kukata tamaa, na husemwa na watu wa upande wangu: haiwezekani. Ukishafika kwa ndugu huna jiko, huna ratiba, hupakui mwenyewe. Afadhali usalimu amri uanze upya Januari. Inasikika kama uzoefu, kumbe ni dai linalopimika, na limepimwa. Watafiti wa Birmingham, Uingereza, walichapisha mwaka 2018 katika jarida la BMJ jaribio la watu 272 wakati wa Krismasi. Kundi moja liliambiwa lijipime uzito mara kwa mara, likapewa vidokezo vichache na orodha ya kuonyesha ni mwendo kiasi gani unaomaliza chakula gani cha sikukuu. Kundi jingine lilipewa kijikaratasi cha maisha ya afya. Tofauti kati yao mwishoni ilikuwa karibu nusu kilo. Ni ndogo, lakini ni kubwa kuliko zile gramu 370 ambazo Yanovski aliona hazirudi. Watu wale nao walikuwa na mama zao, mashangazi zao na meza zilizojaa. Hawakufungiwa hospitalini.

Na Kilimanjaro ina nafasi ambazo Birmingham haina. Nyumba za kuzungukia ziko juu na chini ya mteremko, na njia ni ya miguu; anayekwenda kusalimia kwa kutembea, muda mfupi baada ya kula, anaishusha sukari ya damu kwa kazi ile ile inayohesabiwa kuwa adabu njema. Asubuhi ya siku ya pili mtori au ndizi na maharage hupatikana kwa kuomba tu, tena anayeomba chakula cha zamani huonekana hajasahau kwao. Aliyeingia jikoni kumenya ndizi na kuchambua mnafu ana sauti juu ya chumvi na mafuta kuliko aliyekaa sebuleni akisubiri kuletewa. Wanaume wa ukoo ambao hawajaingia jikoni tangu wazaliwe wanisamehe, lakini wamejinyima wenyewe haki hiyo, kisha wanalalamika kwamba hawawezi kuchagua wanachokula. Na anayepakuliwa aseme mapema, kabla kijiko hakijaingia kwenye sufuria: nipakulie kidogo shangazi, nitaongeza. Sahani ndogo iliyomalizwa haimuudhi mpishi. Kinachomuudhi ni kilima kilichochokonolewa pembeni na kurudishwa.

Kwa hiyo, msomaji unayesafiri, piga simu kabla ya kukata tiketi. Zungumza na anayepika, usiishie kwa anayekaribisha, umwambie hali yako kwa jina lake bila kuzungukazunguka. Beba dawa za siku zote utakazokaa na za siku kadhaa za ziada, maana Januari mabasi hujaa. Beba kipimo chako, na ukiwa nacho wapime na wengine watakaokubali. Na yule asiyeridhika na hukumu hii alete ushahidi wake barazani, ila aulete kabla ya tarehe 24, mbuzi akiwa bado zizini na hesabu ya mafungu ikiwa bado inaweza kubadilishwa.